Ampea, volti na ncha: namna ya kuipanga mashine ya kuchomelea chini ya flaksi

Anayechomelea kwa rodi hufanya kazi huku akilitazama tao la umeme. Likirefuka anashusha mkono, chuma kikianza kuchuruzika anaongeza mwendo, na kosa linarekebishwa palepale lilipotokea. Kwenye uchomeleaji wa tao lililofukiwa, unaojulikana kwa kifupi SAW (submerged arc welding), hakuna tao la kutazama. Waya unashuka wenyewe kutoka kwenye koili, flaksi, yaani chembechembe za kufunika na kulinda chuma kilichoyeyuka, inamwagwa mbele yake, na tao linawaka ndani ya chembechembe hizo. Mwanga hauonekani, cheche haziruki, moshi ni mdogo sana. Fundi amebaki na namba kwenye skrini. Mshono wenyewe atauona slagi, yaani gamba la flaksi iliyoyeyuka na kuganda, ikishabanduliwa, na kufikia hapo mita kadhaa zimeshachomelewa.

Kwa hiyo mashine inapangwa kabla ya kuwasha, na lazima ipangwe kwa kuelewa. Mkanganyiko mkubwa ninaoukuta karakanani ni huu: ampea na volti huchukuliwa kuwa vifundo viwili vya kitu kimoja, yaani joto. Mshono haukuzama? Ongeza. Ongeza kipi? Chochote. Hapo ndipo kazi inapoharibika, maana kila mpango kwenye mashine hii unaamua jambo lake. Aina ya umeme inaamua nani atalinda urefu wa tao. Ncha ya umeme ambayo waya umefungwa, chanya au hasi, inaamua joto liende zaidi kwenye bamba au kwenye waya. Ampea zinaamua kina cha mshono, volti zinaamua upana wake. Ukishajua hilo, utajua pia uanze na kipi.

Tuchukue kazi moja ili maelezo yasielee hewani: tangi la chuma cha kawaida, bamba la milimita 12, kipenyo mita 2.5, linalozungushwa juu ya roli huku kichwa cha kuchomelea kikiwa kimesimama mahali pamoja. Kingo za mabamba hazikuchongwa, zimekutanishwa bila nafasi. Mshono unapita ndani kwanza, kisha nje. Waya ni wa milimita 4.

Kibati kabla ya vifundo

Mzunguko wa tangi hilo ni karibu mita 7.85. Kwa mwendo wa mita 0.5 kwa dakika, tao litawaka kwa karibu dakika 16 bila kuzima. Mashine nyingi za karakana zimeandikwa uwezo wake kwenye kibati, yaani bamba dogo la taarifa lililobandikwa kwenye mashine, kwa asilimia 60, maana yake zinahimili ampea hizo kwa dakika 6 katika kila dakika 10. Kwa rodi hiyo inatosha kabisa, kwani fundi husimama kubadilisha rodi na kugonga slagi. Kwa tangi letu haitoshi.

Joto ndani ya mashine hupanda kwa kipeo cha pili cha ampea. Hivyo mashine ya ampea 600 kwa asilimia 60 inaweza kufanya kazi mfululizo kwa takriban ampea 465 tu. Ukitaka ampea 600 bila kupumzika, tafuta kibati kilichoandikwa 100%. Mashine za kazi hii kwa kawaida huandikwa ampea 1000 kwa volti 44. Hiyo 44 haina maana kwamba utachomelea kwa volti 44. Ni volti ambazo kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1 kinazitumia kuipima mashine ikiwa imebeba mzigo, kwa ampea 600 na kuendelea. Lakini inakupa hesabu moja ya lazima: 1000 mara 44 ni kilowati 44 zinazotoka upande wa kuchomelea, na upande wa kuingilia zinahitajika zaidi, kwa sababu hakuna mashine isiyopoteza. Anayetaka kuiendesha kwa jenereta aanzie hesabu hapo, asianzie kwenye bei ya jenereta.

Nani analinda urefu wa tao?

Hili ndilo swali la kwanza la kupanga, na ndilo linalorukwa zaidi.

Mashine inaweza kufanya kazi kwa tabia mbili. Katika tabia ya volti thabiti, unachagua volti kwenye mashine na kasi ya waya kwenye kichwa. Hakuna kifundo cha ampea. Ampea zinatokana na kasi ya waya. Waya ukisogelea bamba na tao likafupika, ampea zinaruka juu mara moja, waya unayeyuka haraka zaidi, na tao linarudi urefu wake. Likirefuka, ampea zinashuka, waya unayeyuka polepole, nafasi inajaa. Umeme wenyewe ndio unaolinda tao, na injini ya waya inazunguka kwa mwendo uleule.

Katika tabia ya ampea thabiti ni kinyume. Unachagua ampea kwenye mashine, nazo hazibadiliki sana hata tao likirefuka. Wa kulinda urefu ni injini ya waya: inasoma volti za tao, zikipanda inaharakisha waya, zikishuka inapunguza.

Ugunduzi wa hiyo tabia ya tao kujirekebisha lenyewe una historia ya vita. Mwaka 1942 taasisi ya uchomeleaji ya Evgeny Paton ilikuwa imehamishwa kutoka Kyiv hadi Nizhny Tagil, kwenye milima ya Ural, ikisaidia kuunganisha maganda ya vifaru. Huko Vladimir Dyatlov alionyesha kwamba waya unaoshushwa kwa kasi isiyobadilika unaweza kulirudisha tao mahali pake bila msaada wa kifaa cha kusoma volti. Vichwa vya kuchomelea, ambavyo kabla ya hapo vilihitaji mitambo tata ya kurekebisha, vikawa rahisi kutengeneza na rahisi kutunza. Kila anayetumia volti thabiti leo anatumia jambo hilohilo.

Kipi kichaguliwe? Waya mwembamba, wa milimita 1.6 hadi 2.4, unakwenda kwa kasi kubwa, na injini haiwezi kubadili mwendo upesi kiasi cha kuulinda. Huo ni wa volti thabiti. Waya mnene wa milimita 4 au 4.8 kwa ampea nyingi unashuka polepole, na mtikisiko mdogo tu wa urefu wa tao chini ya volti thabiti unaweza kuzirusha ampea mbali. Kwa huo, ampea thabiti inatoa mshono uliotulia. Katikati, kwenye milimita 3.2, zote mbili zinafaa. Ziko karakana zinazoendesha waya wa milimita 4 kwa volti thabiti na kupata kazi safi, mradi bamba ni sawa na umeme wa gridi umetulia. Kwa tangi letu ningechagua ampea thabiti, kwa sababu tangi linalozunguka haliwi duara kamili, na kichwa kilichosimama kitaona bamba likipanda na kushuka.

Kosa la kuogopa ni kuchanganya: mashine imewekwa ampea thabiti huku kichwa kikishusha waya kwa mwendo usiobadilika. Hapo hakuna mlinzi. Waya utachomeka kwenye bamba au tao litarefuka hadi likatike, na fundi atazungusha vifundo vyote bila kupona. Mashine kama Lincoln Idealarc DC-1000 ina swichi yenye nafasi za volti thabiti na ya ampea thabiti. Swichi hiyo isomwe kila mashine inapohamishwa, hata kama jana ilikuwa sawa.

Ncha ya waya

Kwa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja, waya ukifungwa kwenye ncha chanya mshono unazama zaidi, umbo lake linakuwa zuri na tao linawaka kwa urahisi. Waya ukifungwa kwenye hasi, unayeyuka haraka zaidi kwa takriban theluthi moja kwa ampea zilezile, lakini mshono hauzami sana. Kwa hiyo chanya ni ya kuunganisha mabamba mazito, na hasi ni ya kufunika uso wa chuma kwa chuma kingine, au kujaza pale ambapo hutaki bamba lichanganyike sana na waya. Ukienda hasi, panda volti chache, ama sivyo utapata mshono mwembamba uliosimama juu ya bamba.

AC, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, ipo katikati ya hizo mbili, na ina faida yake ya pekee. Ampea zikizidi 800 au zaidi, usumaku unaotokana na umeme wenyewe unalisukuma tao pembeni, na mshono unakwenda upande. AC inageuka geuka, kwa hiyo msukumo huo unapungua sana. Ubaya wake ni kwamba kila inapogeuka umeme unapita kwenye sifuri. Kwenye transfoma za zamani zenye wimbi la mviringo unakaa hapo kwa muda, na tao linaweza kuzimika. Ndiyo maana mashine hizo zinataka volti za juu kabla ya tao kuwaka, karibu 80, na flaksi inayokubali AC.

Inveta za leo, yaani mashine zinazotengeneza umeme wake kielektroniki, zimeondoa tatizo hilo kwa wimbi la mraba, ambalo linavuka sifuri ghafla. Pamoja nalo zimeleta vifundo ambavyo vinawatisha wengi bila sababu. Mizania ni sehemu ya muda ambao waya unakaa chanya: ukiongeza, unapata kina, ukipunguza, unapata waya mwingi zaidi ulioyeyuka. Kipo pia cha kuhamisha wimbi zima lielemee upande mmoja, kwa kusudi lilelile. Masafa yanaathiri utulivu wa tao. Anza na mizania ya 50 kwa 50 na masafa ambayo mtengenezaji ameyapendekeza, kisha gusa kitu kimoja tu kwa wakati. Kwa bamba la milimita 12 hata hivi vyote havihitajiki. DC na waya kwenye chanya inatosha.

Tukiwa bado kwenye kebo: ya kurudishia umeme ifungwe imara, na kwa tangi linalozunguka itumie kifungo kinachozunguka nalo. Kuuacha umeme urudi kupitia beringi za roli ni kuzichoma beringi hizo polepole, na mgusano wake unapanda na kushuka hadi volti za tao zisieleweke.

Ampea na kina

Kwa waya wa milimita 4 kwenye chanya, kianzio kizuri ni takriban milimita moja ya kina kwa kila ampea 100. Hicho ni kianzio tu, kwa sababu kasi, flaksi na nafasi kati ya mabamba vinakibadilisha. Lakini kinatuwezesha kufikiri. Mshono wa ndani kwa ampea 600 utazama karibu milimita 6, na milimita 6 zilizobaki chini zitaubeba chuma kilichoyeyuka kisitoboke. Mshono wa nje kwa ampea 750 utazama karibu milimita 7.5. Jumla ni 13.5 ndani ya bamba la 12, maana yake mishono miwili inaingiliana kwa milimita moja na nusu. Kama tungeweka ampea 550 pande zote mbili, kwa nje mishono ingependeza na katikati kungebaki mstari ambao haukuungana. Kasoro hiyo macho hayaioni. Kwenye tangi la presha ndiyo inayoua.

Waya nao una neno hapa. Ampea 450 kwenye waya wa milimita 2.4 ni takriban ampea 100 kwa kila milimita ya mraba; ampea 600 kwenye waya wa milimita 4 ni 48 tu. Ampea zikiwa zilezile, waya mwembamba unazama zaidi na kuyeyuka haraka zaidi. Kwa hiyo kubadilisha koili ya waya bila kubadilisha namba si jambo dogo, ni kupanga upya kazi nzima. Vivyo hivyo urefu wa waya uliojitokeza chini ya ncha ya shaba inayoupa waya umeme. Kwa waya wa milimita 4, milimita 30 hivi ni kawaida. Ukirefuka, waya unapashwa moto na ukinzani wake wenyewe kabla ya kufika kwenye tao. Katika volti thabiti ampea zitashuka ilhali kasi ya waya haijaguswa, na mtu atadhani mashine imechoka.

Volti na umbo

Volti zinafuata urefu wa tao. Tao refu linatapakaa, mshono unapanuka na kulala. Tao fupi linakaza, mshono unakuwa mwembamba na mrefu kwenda juu. Kina kinabadilika kidogo tu. Kwa hiyo anayeongeza volti ili mshono uzame anapata mshono mpana usiozama, tena anakula flaksi nyingi zaidi, maana tao refu linayeyusha flaksi nyingi. Kwa flaksi zile zinazoongeza manganizi na silikoni kwenye mshono, volti zikipanda madini hayo yanaongezeka pia, na mishono ikipangwa mmoja juu ya mwingine chuma kinakuwa kigumu hadi kinapasuka.

Chini kupita kiasi nako kuna hatari yake, na hii ningependa kila fundi aielewe vizuri. Mshono unaganda kutoka pembeni kuelekea katikati. Salfa na fosforasi kidogo zilizomo kwenye chuma zinasukumwa mbele ya ugandaji huo. Kama mshono ni mwembamba na wa kina, pande mbili zinakutana katikati na kuufungia uchafu huo pale, na mshono unapojikunja ukipoa, unapasuka mstari mmoja katikati. Upana unapaswa kuzidi kina, walau mara 1.25. Ampea zikipanda, volti zipande nazo kidogo, kwa sababu hiyo na si nyingine. Kwa tangi letu: volti 32 kwa ampea 600, volti 34 kwa ampea 750.

Lakini volti 32 wapi? Mashine inasoma pale kebo zinapofungwa kwake, na tao liko mwisho wa kebo. Chukua kebo ya shaba ya milimita za mraba 120, mita 30 kwenda na mita 30 kurudi. Ukinzani wake ni karibu omu 0.00875, na kwa ampea 600 unameza volti 5.25. Mashine inaonyesha 32, tao lina chini ya 27, na mshono unatoka mwembamba bila mtu kujua kwa nini. Kebo mbili sambamba zinapunguza hasara hiyo nusu. Waya mdogo wa kusomea volti, uliofungwa karibu na kichwa na mwingine kwenye tangi lenyewe, unaiondoa kwenye kipimo. Na kebo ya AC isiviringishwe sakafuni, maana koili hiyo inaongeza ukinzani wa aina yake. Ninalisisitiza hili kwa sababu namba nzuri kutoka karakana nyingine hazitafanya kazi kwako kama kebo zenu hazilingani, na lawama huwa inaangukia flaksi.

Mwendo unakamilisha hesabu. Joto linaloingia kwenye kila milimita ni ampea mara volti mara 60, kisha unagawa kwa mwendo katika milimita kwa dakika. Mshono wa ndani: 600 mara 32 mara 60, ugawe kwa 500, unapata juli 2,304, yaani kilojuli 2.3 kwa milimita. Wa nje, kwa mwendo wa milimita 550, ni karibu kilojuli 2.8. Pale ambapo chuma kinatakiwa kuhimili baridi au mshtuko, taratibu kama za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) Sehemu ya IX zinaweka mpaka kwenye kiasi hicho. Kwa mashine za wimbi linalotengenezwa, kama inveta zile, wastani wa volti na ampea hautoi jibu sahihi. Tumia nguvu au nishati ambayo mashine yenyewe imeipima papo kwa papo.

Waya zaidi ya mmoja ni somo la viwanda vya mabomba na mihimili mikubwa, lakini mantiki ni ileile. Wa mbele kwa kawaida ni DC chanya, kwa ajili ya kuzama. Wa nyuma ni AC, kwa ajili ya kujaza na kulainisha uso, na kwa sababu DC mbili zilizo karibu zinavutana kwa usumaku hadi tao zote mbili ziyumbe.

Namba zetu zote bado ni za kwenye karatasi. Kabla ya kugusa tangi, chomelea vipande viwili vya bamba lilelile, kwa waya, flaksi na kebo zilezile, na flaksi iwe imekaushwa kama mtengenezaji anavyoagiza. Kata katikati ya mshono, si kwenye mwanzo wala mwisho, sugua uso kwa msasa hadi laini, kisha upake tindikali ya nitriki iliyochanganywa na spiriti. Mishono miwili itajitokeza wazi. Kama haijakutana, ongeza ampea kwenye wa nje kwa hatua za 25 au 50, na volti uziache kwanza. Kama imekutana lakini ni myembamba kuliko kina chake, panda volti moja au mbili. Kama kingo zimelika, shusha mwendo kabla ya kugusa kingine. Ikiwa mshono wa nje unamwagikia upande mmoja wa tangi, tatizo haliko kwenye umeme: sogeza waya utoke kwenye kilele cha tangi, upande ambao bamba bado linapanda, ili chuma kiwe kinaganda kinapofika juu.